Petroli, Oili na Mteremko: Matunzo ya Skuta ya Mapigo Mawili kati ya Moshi na Mkuu kama Chanzo cha Historia

1.0 Utangulizi

Ni rahisi kuiandika historia ya usafiri mkoani Kilimanjaro kwa kufuata reli iliyofika Moshi mwaka 1911, kisha lori la kahawa na basi. Makala hii inachunguza chombo kidogo zaidi: skuta, ambayo Watanzania wengi huiita vespa hata inapokuwa ya kiwanda kingine. Hoja yake ni kwamba injini ya mapigo mawili ilimlazimu mwendeshaji awe na sehemu ya ujuzi wa fundi, na kwamba barabara ya kutoka Moshi kupitia Himo na Marangu hadi Mkuu, wilayani Rombo, inaudhihirisha ulazima huo kuliko barabara za tambarare. Kwa kuwa ujuzi wa namna hii huandikwa kwa nadra, chombo chenyewe na lugha ya mafundi vinachukuliwa hapa kuwa ushahidi.

2.0 Asili na Muundo wa Chombo

Vespa ilisajiliwa na kampuni ya Piaggio nchini Italia mwezi Aprili 1946. Msanifu wake, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege. Haina mnyororo, gia zake hubadilishwa kwa mkono wa kushoto, na rimu yake imeunganishwa kwa nati katika vipande viwili, hivyo tairi huweza kutolewa kwenye rimu kwa kutumia spana tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Bajaj ya India ilianza kuiunda kwa leseni ya Piaggio. Jina la kampuni hiyo ndilo lililozaa neno bajaji, linalotumika leo kwa chombo cha magurudumu matatu. Kwa hiyo, vespa na bajaji ni vyombo vya ukoo mmoja.

Katika injini ya mapigo mawili, kila mzunguko mmoja wa krankshafti huleta mlipuko mmoja. Mchanganyiko wa hewa na petroli hupita kwanza ndani ya nyumba ya krankshafti, kwa hiyo oili haiwezi kuhifadhiwa humo. Sharti ichanganywe na petroli. Vespa za awali zilihitaji oili asilimia 5; nyingi za baadaye zilihitaji asilimia 2, yaani mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Oili ikizidi, plagi huwa nyeusi na masizi huziba ekzosi. Ikipungua, pistoni hukwaruza silinda na hatimaye hukwama. Rangi ya plagi ilikuwa kipimo kisichohitaji chombo kingine: kahawia ni dalili ya afya, nyeusi ni ya mchanganyiko mzito, na nyeupe ni ya joto la kupita kiasi.

3.0 Barabara ya Mlimani

Uzito wa hewa hupungua kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kimo. Skuta iliyorekebishwa Moshi inapopanda kuelekea Mkuu hupata hewa pungufu kwa petroli ileile, ikapoteza nguvu na kuchafua plagi. Fundi aweza kuweka jeti ndogo zaidi katika kabureta. Hata hivyo, jeti inayofaa mlimani huweza kuwa ndogo mno chombo kinaporudi bondeni, injini ikapata joto la hatari.

Kushuka kuna tatizo jingine. Mwendeshaji anayefunga mafuta huku gia ikiwa imeingia huiacha injini ikizunguka kwa kasi bila petroli ya kutosha, na petroli ndiyo inayobeba oili. Akiamua kuteremka bila gia ili kuinusuru injini, mzigo wote huangukia breki. Njia salama ni kufungua mafuta kidogo kila baada ya muda mfupi, jambo ambalo lisingekuwa na maana kwa mtu asiyejua oili hupita wapi.

Lugha nayo imehifadhi hofu hiyo. Kitenzi kunoki kimetoholewa kutoka Kiingereza, ambako neno la asili hutaja mlio wa kugonga. Kwa fundi wa Tanzania, injini iliyonoki ni injini iliyokufa. Maana imehama kutoka kwenye dalili hadi kwenye hasara.

4.0 Uhaba na Hitimisho

Hasara hiyo ilikuwa nzito zaidi baada ya vita vya Kagera vya 1978–1979, nchi ilipokosa fedha za kigeni. Bajeti ya 1984 ndiyo iliyofungua mlango kwa wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Katika mazingira ambamo pistoni na ringi hazikupatikana kwa urahisi, kupima oili kwa usahihi kulikuwa njia ya kukwepa soko lisilokuwa na spea.

Pikipiki za mapigo manne zilizotawala biashara ya bodaboda katika karne hii huhifadhi oili mahali pake. Dereva hachanganyi chochote; hukagua na kubadilisha. Sehemu ya ujuzi imehama kutoka mkononi mwake hadi gereji. Historia ya teknolojia inayohesabu vyombo vilivyoingizwa nchini pekee itawaonyesha Watanzania kama wapokeaji tu. Ikihesabu pia matunzo, itamwona mwendeshaji wa Mkuu aliyepaswa kujua, kabla ya kila mteremko, kinachoendelea ndani ya silinda asiyoweza kuiona.