Ford Explorer: Historia ya matairi yaliyorejeshwa, malalamiko ya wamiliki na funzo kwa wanaoagiza magari kutoka nje

Ford Explorer ni gari la familia la aina ya SUV lililoingia sokoni Marekani mwaka 1990. Kwa zaidi ya muongo mmoja liliongoza kwa mauzo ya SUV nchini humo. Gari hilo hilo ndilo lililohusika katika moja ya kesi kubwa za usalama katika historia ya biashara ya magari, pale matairi ya Firestone yalipokuwa yakibanduka njiani na magari kupinduka. Mamlaka ya Usalama Barabarani ya Marekani, NHTSA, ilihesabu vifo 271 na majeruhi zaidi ya 800 vilivyohusishwa na matairi hayo.

Kesi hiyo inawahusu wafanyabiashara wa kanda yetu kwa sababu moja. Malalamiko ya wamiliki wa nje ya Marekani yalishughulikiwa mapema, lakini habari zake hazikuvuka mpaka kwa wakati. Hali ya namna hiyo inaweza kumpata mtu anayenunua gari lililotumika Japan na kulishusha Mombasa au Dar es Salaam.

Kasoro ilikuwa nini?

Tairi la kisasa lina mikanda ya waya wa chuma iliyolazwa chini ya ngozi ya juu, ile inayokanyaga barabara. Katika matairi ya Firestone ya aina ya ATX na Wilderness AT, nyufa zilianza kati ya mikanda miwili ya chuma na kukua taratibu. Mwishowe ngozi ya juu na mkanda mmoja vilibanduka gari likiwa katika mwendo. Likipasuka tairi la nyuma katika mwendo kasi, dereva hupoteza usukani, na gari refu kwenda juu kama SUV hupinduka kwa urahisi kuliko gari dogo la saluni.

Mambo manne yaliongeza hatari: joto, mwendo mkubwa, mzigo mzito na upepo mdogo. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi linapozunguka, na kujikunja huko huzalisha joto. Ford ilipendekeza upepo wa 26 kwa Explorer, huku Firestone ikija kusema kiwango kinachofaa ni 30. Tofauti hiyo ya namba nne ilizua ubishi mkubwa kati ya kampuni hizo.

Malalamiko yalianza kusikika wapi?

Ndani ya Marekani, mchambuzi wa kampuni ya bima ya State Farm aliiarifu NHTSA mwaka 1998 kuhusu matukio 21 ya matairi hayo kushindwa kazi. Taarifa hiyo haikuzaa uchunguzi wakati ule.

Nje ya Marekani, wamiliki wa Explorer katika nchi za Ghuba walikuwa wakilalamika. Mwaka 1999 Ford iliamua kuwabadilishia matairi wateja wa Saudi Arabia na nchi jirani. Mwaka 2000 ikafanya hivyo Malaysia na Thailand, kisha Venezuela. Firestone ilikuwa na maelezo yake kuhusu Ghuba: madereva wanapunguza upepo ili wapite kwenye mchanga, kisha wanaingia barabara kuu bila kuujaza tena na kukimbia kwa kasi juani.

Sheria ya Marekani ya wakati huo haikumlazimisha mtengenezaji kuiarifu NHTSA kuhusu hatua alizochukua katika nchi nyingine. Waraka wa ndani wa Ford wa Machi 1999, uliowekwa hadharani wakati Bunge la Marekani lilipofanya uchunguzi wake, ulieleza kuwa Firestone ilikuwa na wasiwasi kwamba kubadilisha matairi Saudi Arabia kungelazimu serikali ya Marekani iarifiwe. Kwa hiyo familia ya Riyadh ilipata matairi mapya wakati familia ya Texas ikiendelea kuendesha gari lenye matairi ya aina ile ile.

Hali ilibadilika Februari 2000, baada ya kituo cha televisheni cha KHOU cha Houston kutangaza taarifa ya ajali hizo. Watazamaji wengi waliokuwa na visa kama hivyo walianza kulalamika. NHTSA ilifungua uchunguzi Mei 2000.

Wito wa Agosti 2000

Tarehe 9 Agosti 2000 Firestone ilitangaza kurejesha matairi ya ATX na ATX II ya inchi 15, pamoja na Wilderness AT ya ukubwa huo yaliyotengenezwa katika kiwanda cha Decatur, jimbo la Illinois. Matairi yaliyotengenezwa yalikuwa milioni 14.4, na yaliyokadiriwa kuwa bado barabarani yalikuwa milioni 6.5.

Kwa kuwa matairi ya kubadilishia hayakutosha, kazi ilianza katika majimbo yenye joto: Arizona, California, Florida na Texas. Wateja wa majimbo mengine waliambiwa wasubiri, jambo lililoleta malalamiko mapya.

Septemba mwaka huo wakuu wa kampuni hizo, Jacques Nasser wa Ford na Masatoshi Ono wa Bridgestone/Firestone, waliitwa mbele ya Bunge. Ford ilisema tatizo ni la matairi. Firestone ilisema gari lenyewe lina kasoro. Mei 2001 Firestone ilivunja uhusiano wa kibiashara na Ford uliodumu karibu karne moja. Siku iliyofuata Ford ilitangaza kubadilisha matairi mengine milioni 13 ya Wilderness AT kwa gharama ya takriban dola bilioni 3.

Nani alibeba lawama?

Oktoba 2001 NHTSA ilihitimisha kuwa matairi yalikuwa na kasoro ya usanifu na utengenezaji, na sehemu nyingine ya Wilderness AT ikaongezwa kwenye wito. Februari 2002 ilikataa ombi la Firestone la kufungua uchunguzi dhidi ya Explorer, kwa maelezo kuwa gari hilo halikuonekana kuwa hatari kuliko SUV nyingine za aina yake pale tairi linapobanduka.

Kiwanda cha Decatur kilifungwa mwishoni mwa 2001. Wachumi Alan Krueger na Alexandre Mas, katika utafiti uliotoka mwaka 2004, walionyesha kuwa matairi yaliyotengenezwa Decatur katika kipindi cha mgogoro wa kazi wa katikati ya miaka ya 1990 yalikuwa na kasoro nyingi kuliko ya vipindi vingine. Kampuni ilikuwa imewaajiri watu wengine kushika nafasi za wafanyakazi waliogoma. Kilichookolewa kwenye mishahara kilikuja kulipwa mara nyingi katika fidia na wateja waliopotea.

Sheria mpya

Tarehe 1 Novemba 2000 Rais Bill Clinton alitia saini sheria inayojulikana kama TREAD. Kwa msomaji wa habari za biashara ya mipakani, kifungu muhimu ni kile kinachomtaka mtengenezaji anayeuza magari Marekani kuiarifu NHTSA ndani ya siku 5 za kazi anapotangaza wito wa usalama katika nchi nyingine kwa gari la aina hiyo hiyo. Aidha, watengenezaji walitakiwa kuwasilisha kwa vipindi takwimu za malalamiko, madai na vifo. Sheria hiyo ndiyo pia iliyoleta taa ya dashibodi inayowaka upepo wa tairi ukipungua, ambayo ikawa lazima kwa magari yote mapya madogo ya Marekani kuanzia Septemba 2007.

Malalamiko ya miaka ya karibuni

Si kila lalamiko huzaa wito. Wamiliki wa Explorer za matoleo ya 2011 hadi 2017 walilalamika kuhusu harufu ya moshi wa ekzosi ndani ya gari. NHTSA ilifungua uchunguzi mwaka 2016 na kupokea malalamiko zaidi ya 6,500. Januari 2023 iliufunga bila kukuta kasoro iliyohitaji wito.

Na si kila wito unaotangazwa humaliza tatizo. Mwaka 2022 Ford iliita Explorer takriban 252,000 za matoleo ya 2020 hadi 2022 kwa sababu bolti inayoshikilia ekseli ya nyuma iliweza kukatika, na gari kuserereka likiwa limeegeshwa. Dawa iliyotolewa ilikuwa kubadili programu ya kompyuta ili breki ya kuegeshea ijifunge yenyewe. Wamiliki walilalamika kuwa bolti imeachwa vile vile. NHTSA ilifungua uchunguzi wa wito huo mwaka 2023, na Oktoba mwaka huo Ford ikatangaza wito mpya wa kubadilisha vipuri vyenyewe.

Kwa nini jambo hili linahusu soko letu?

SUV nyingi za familia katika Kenya, Tanzania na Uganda ni magari yaliyotumika kutoka Japan. Barua ya wito huenda kwa mmiliki aliyeandikishwa huko. Gari likishafutwa kwenye daftari la Japan na kupakiwa melini, anwani ya mmiliki mpya wa Arusha au Kampala haimo katika kumbukumbu za mtengenezaji.

Mfano wa wazi ni mifuko ya hewa ya Takata, kampuni ya Japan iliyofilisika mwaka 2017. Kemikali ya kujaza mfuko iliharibika taratibu, na katika ajali kopo lake liliweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma kwa abiria. Wito ulihusu baadhi ya matoleo ya Honda CR-V, Toyota RAV4 na Nissan X-Trail, magari yanayoonekana kila siku katika barabara zetu. Kemikali hiyo huharibika haraka zaidi penye joto na unyevu kwa miaka mingi. Mamlaka za Marekani ziliyapa kipaumbele majimbo kama Florida na Hawaii. Hali ya hewa ya Mombasa, Tanga na Zanzibar ni ya namna hiyo hiyo.

Kuanzia Mei 2018 Japan iliacha kutoa cheti cha ukaguzi wa lazima kwa magari yenye mifuko ya Takata iliyo hatari zaidi ambayo haijabadilishwa. Gari linalouzwa nje ya Japan, hata hivyo, halihitaji tena cheti hicho.

Kanuni zetu za uagizaji hutazama zaidi umri. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8, na Uganda ilizuia yaliyozidi miaka 15 kwa sheria ya 2018. Umri hauonyeshi kama kazi ya wito ilifanyika. Gari la miaka 5 linaweza kuwa na wito ambao haujashughulikiwa, na la miaka 10 likawa limekwisha kurekebishwa.

Mnunuzi afanye nini?

1. Apate namba kamili ya chasisi kabla ya kutuma fedha. Muuzaji anayekataa kuitoa aachwe.

2. Aiangalie namba hiyo kwenye ukurasa wa mtengenezaji nchini gari lilikotoka. Kwa gari lililouzwa Japan, atumie ukurasa wa Kijapani wa kampuni. Kwa gari la Marekani lenye namba ya tarakimu na herufi 17, atumie wa NHTSA. Ukurasa wa nchi moja hauonyeshi wito wa nchi nyingine, na wa NHTSA hauonyeshi wito uliozidi miaka 15.

3. Akikuta wito ambao haujashughulikiwa, adai kazi ifanyike kabla gari halijapakiwa. Huko hufanywa bila malipo. Gari likishafika, amwulize wakala rasmi wa kampuni hiyo nchini kama anaweza kulirekebisha.

4. Asome tarehe ya matairi. Tarakimu nne za mwisho pembeni mwa tairi ni wiki na mwaka: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka mingi linaweza kubanduka hata kama linaonekana zima.

5. Ajaze upepo kwa namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, tairi likiwa la baridi, na aongeze kama kibandiko kinavyoelekeza anapobeba mzigo.

6. Likitokea tatizo, aandike tarehe, kilomita, namba ya chasisi na apige picha, kisha apeleke malalamiko kwa maandishi kwa muuzaji, kwa wakala wa kampuni na kwa mamlaka ya viwango au ya walaji ya nchi yake.

Hatua ya mwisho ndiyo inayopuuzwa zaidi. Fundi akishabadilisha kipuri, mwenye gari huona shauri limekwisha na jirani mwenye gari la aina hiyo hiyo habaki na habari yoyote. Explorer ilianza kuchunguzwa baada ya malalamiko ya mtu mmoja mmoja kuwekwa pamoja. Nchi za Afrika Mashariki zinapitisha magari ya aina moja katika bandari zile zile, lakini lalamiko lililoandikwa Nairobi halisomwi Dodoma wala Kampala. Mpaka zitakapobadilishana taarifa hizo, kazi ya kukagua namba ya chasisi inabaki kwa mnunuzi.