Kuzaa si Kazi, Kazi ni Kulea: Mafunzo ya Utunzaji Katika Historia ya Kampala

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hii inauhesabu ulezi kuwa kazi hasa, wala si tabia ya kuzaliwa nayo. Hata hivyo, mjini tunaishi kinyume cha methali. Fundi umeme huulizwa cheti chake kabla ya kugusa nyaya za nyumba. Yaya anayekabidhiwa mtoto wa miezi mitatu tangu asubuhi hadi magharibi huulizwa tu anatoka kijiji gani na anataka mshahara gani. Ndugu msomaji, katika insha hii tutafuatilia historia ya mji wa Kampala ili tujue ni lini kazi ya kumtunza mtu asiyejiweza ilipoanza kufundishwa shuleni na kutambuliwa kisheria, na ni akina nani ambao bado wamesimama nje ya mlango.

Tuanze na maneno, kama ilivyo ada yetu. Kutokana na kitenzi *lea* tunapata mlezi, malezi na ulezi. Waganda nao wana kitenzi *okulera* chenye maana hiyohiyo, jambo linaloonyesha undugu wa lugha za Kibantu. Kutokana na *ugua* tunapata *uguza*, kisha muuguzi na uuguzi. Neno yaya lina asili nyingine: lilianzia katika Kireno, likapita India, ndipo likafika Afrika Mashariki, na katika safari hiyo lilitumika katika nyumba zenye bwana na mtumishi. Hadi leo mtu akisema "muuguzi" tunaona taaluma. Akisema "yaya" wengi wetu tunamwona mtumishi.

Kabla ya ukoloni, ujuzi wa kutunza ulirithishwa nyumbani. Katika Buganda, msichana alifundishwa mambo mengi ya maisha na *ssenga*, yaani shangazi yake, na mwanamke mjamzito alihudumiwa na *mulerwa*, mkunga wa jadi. Hapakuwa na cheti, wala hakikuhitajika, kwa sababu kila mmoja alimfahamu mwenzake. Mkunga alijulikana kwa jina, kwa ukoo na kwa watoto aliowapokea. Aliyefanya kazi vibaya hakuwa na pa kujificha.

Mwezi wa Februari 1897, daktari Mwingereza Albert Cook alifika Mengo na wamisionari wenzake baada ya safari ya miguu kutoka Mombasa, kwa kuwa reli ilikuwa haijafika. Miongoni mwao alikuwa muuguzi Katharine Timpson, ambaye Cook alimwoa mwaka 1900. Hospitali ya Mengo ilianzishwa mwaka huohuo wa 1897 katika kilima cha Namirembe. Mwaka 1903 watawa Wafransisko, miongoni mwao Mama Kevin, mzaliwa wa Ireland, walifika katika kilima cha Nsambya, na huko pia ikakua hospitali na baadaye mafunzo ya wauguzi na wakunga.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1919, ilipoanzishwa shule ya ukunga ya Lady Coryndon huko Mengo, iliyopewa jina la mke wa gavana wa wakati huo. Chanzo chake hakikuwa huruma peke yake. Wakoloni na wamisionari walihofu kwamba kaswende na vifo vya watoto wachanga vingepunguza watu wa Buganda, na mara nyingi waliwatupia lawama wanawake na mila zao. Mulerwa, aliyebeba kazi hii kwa vizazi vingi, alisukumwa kando na kuitwa mjinga. Tukiisoma historia hii kwa haki, hatuna budi kulitaja jambo hilo.

Pamoja na hayo, shule ile ilileta jambo jipya. Wasichana waliojua kusoma walifundishwa, wakafanya mtihani, wakapewa cheti, kisha wakapelekwa kuhudumu katika vituo vya uzazi vijijini. Cook na mkewe waliandika hata kitabu cha ukunga kwa Kiganda, ili elimu hiyo isifungwe ndani ya Kiingereza. Tangu hapo mkunga aliweza kufika mahali ambapo hakuna aliyewajua wazazi wake, na bado akaaminiwa. Hapo ndipo ilipo maana ya cheti katika maisha ya raia: kinawawezesha watu wasiofahamiana kuaminiana. Kijijini kazi hiyo ilifanywa na ukoo. Mjini, penye wageni wengi, ilihitaji shule na sheria.

Si kila utunzaji uliopata bahati hiyo. Mwaka 1929 Winifred Walker, mkunga mmisionari wa Mengo, alianzisha Sanyu Babies' Home huko Namirembe kwa ajili ya watoto wachanga waliokosa walezi. *Sanyu* kwa Kiganda ni furaha. Mwaka 1978, wakati wa utawala mgumu wa Idi Amin, Kardinali Emmanuel Nsubuga alianzisha nyumba ya wazee na watu wenye ulemavu huko Nalukolongo, ambayo Papa Fransisko aliitembelea mwezi wa Novemba 2015. Nyumba hizi zimeokoa maisha ya wengi, lakini zilisimama juu ya wito wa kidini na sadaka. Kumlea mtoto aliyetupwa na kumwogesha mzee aliyepooza kulihesabiwa kuwa tendo jema. Wachache waliuliza: mtendaji wa tendo hilo amejifunza wapi, na analindwa na nani?

Mfano ulio bora zaidi wa kulijibu swali hilo ulipatikana papo hapo Kampala. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda kwa ajili ya tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi. Dawa ilikuwa mofini ya maji, inayotengenezwa kwa gharama ndogo na kunywewa nyumbani. Kikwazo kilikuwa sheria: ni madaktari peke yao walioruhusiwa kuiandika, na madaktari walikuwa wachache mno. Mgonjwa wa saratani kijijini aliweza kufa katika maumivu makali ilhali muuguzi amekaa kando ya kitanda chake. Mwaka 2004 Uganda ilibadili kanuni na kuwaruhusu wauguzi na maafisa wa kliniki waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa kuandika mofini, ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Mafunzo yalimpa muuguzi ujuzi, na sheria ikampa mamlaka ya kuutumia. Kimoja bila kingine kisingemfaa mgonjwa.

Kwa upande wa ulemavu, taasisi ya taifa ya elimu maalumu iliyokuwa katika kilima cha Kyambogo ilikuwa miongoni mwa vyuo vilivyounganishwa mwaka 2003 kuwa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Hapo hufundishwa walimu wa wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Mwalimu, basi, amepata chuo. Yule anayemvalisha mtoto mwenye ulemavu nguo na kumlisha nyumbani, kwa kawaida mama, dada au msichana wa kazi, bado hujifunza kwa kubahatisha.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi raia? Kwanza, kwa sababu ya anayetunzwa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataja haki za watoto katika ibara ya 34 na heshima ya watu wenye ulemavu katika ibara ya 35, na malengo yake ya kitaifa yanaitaka serikali ishughulikie ustawi wa wazee. Haki hizo hutimizwa, au huvunjwa, na mikono ya mtu mmoja ndani ya chumba kisicho na shahidi. Pili, kwa sababu ya anayetunza. Wanawake wengi wa Uganda wamekwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za ndani. Januari 2016 serikali ilisitisha kuwapeleka Saudia kutokana na malalamiko ya mateso. Baadaye zuio hilo likaondolewa. Hapo tunajifunza kwamba mafunzo mafupi kabla ya safari hayatoshi, kama hakuna mkataba unaoheshimiwa na mahali pa kupeleka malalamiko.

Mlango haujafungwa. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2008 iliweka mfumo wa kupima na kutambua ujuzi, hata ule uliopatikana kazini bila kukaa darasani. Kwa njia hiyo, mwanamke aliyelea watoto wa wenzake kwa miaka kumi hahitaji kuanza upya kama asiyejua kitu. Anaweza kupimwa, akafundishwa yale yaliyopungua, akapewa cheti. Hivyo tutaepuka kosa la mwaka 1919, la kujenga taaluma mpya kwa kumdharau mulerwa.

Mwanafunzi, andika aya moja ukijibu swali hili: katika mtaa wako, nani anamtunza mtoto, mzee au mtu mwenye ulemavu kwa malipo, na ukitaka kujua kama amefundishwa, utamuuliza nani? Ukikosa wa kumuuliza, andika hivyo, kisha eleza ni ofisi gani ya umma ingepaswa kuwa na jibu.