Profesa wa Saketi na Vitabu vya Ubatizo

Tunapofungua redio tukapata idhaa moja tu, huku nyingine zote zikinyamaza, kuna kazi imefanyika ndani ambayo hatuioni. Mawimbi ya idhaa nyingi huingia kwa pamoja. Saketi iitwayo kichujio hupitisha tunayoyataka na kuyazuia mengine, kama chujio la chai linavyozuia majani. Miongoni mwa waliofundisha namna ya kubuni vichujio hivyo ni Wilhelm Cauer, aliyezaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1900, mtoto wa profesa wa uhandisi wa reli.

Wahandisi walizoea kuunganisha koili na kapasita kwanza, kisha wakapiga hesabu kujua saketi yao itafanya nini. Cauer, akifuata njia iliyofunguliwa na Mmarekani Ronald Foster mwaka 1924, aligeuza swali katika tasnifu yake ya udaktari ya 1926: tukijua tunachotaka saketi ifanye, je, inaweza kujengwa? Na kama inaweza, ijengwe vipi? Swali hilo lilizaa tawi zima la elimu. Alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Göttingen, na mwaka 1930 akaenda Marekani kwa ufadhili wa Rockefeller, akafanya kazi na Vannevar Bush huko MIT.

Ukaja mwaka 1933. Serikali ya Hitler iliwafukuza Wayahudi katika utumishi wa umma, na Richard Courant, mkuu wa taasisi ya hisabati pale Göttingen, akaondolewa. Watumishi walitakiwa kuthibitisha damu ya wazee wao. Uthibitisho ulitoka wapi? Hapa sisi watu wa kanisa tusome polepole: kwa sehemu kubwa ulitoka katika vitabu vya ubatizo. Ofisi za sharika, wakiwamo wachungaji wenzetu, zilifungua kurasa na kuandika vyeti. Wengi waliona ni kazi ya kawaida ya ofisi, tena wakajivunia kumbukumbu zao nzuri.

Kwa Cauer, jina lililomponza ni la mhenga wake Daniel Itzig, Myahudi mwenye benki wa Mfalme Friedrich II, aliyefariki 1799. Zaidi ya miaka 130 ilikuwa imepita! Hakufukuzwa, maana sheria haikufika mbali hivyo, lakini alielezwa wazi kwamba Göttingen hapakuwa na nafasi mbele yake. Mwaka 1935 alipewa cheo cha profesa, jina tupu. Mwaka uliofuata alijiunga na kampuni ya simu ya Mix & Genest, Berlin, na kuanzia 1939 akafundisha pia katika chuo cha ufundi cha mji huo. Kitabu chake kikuu juu ya saketi za mkondo geu kilitoka 1941, vita vikiendelea.

Mwaka 1945 aliipeleka familia yake kwa ndugu katika mji mdogo wa Witzenhausen, kisha yeye akarudi Berlin. Tarehe 22 Aprili askari wa Kisovieti walimuua, siku 16 kabla ya vita kwisha Ulaya. Mwili wake ulipatikana katika kaburi la halaiki. Juzuu ya pili ya kitabu chake ilichapwa mwaka 1960.