Watu wa Mstari: Mathias Kiwanuka na Kazi ya Mpira wa Kimarekani

Katika mpira wa Kimarekani kila jaribio huanza kwa watu wazito walioinama wakitazamana, mkono mmoja ukigusa nyasi, mpira ukiwa katikati yao. Hao ndio watu wa mstari. Upande wenye mpira hupanga watu wasiopungua saba kwenye mstari huo, na watano wa katikati kwa kawaida hawaruhusiwi hata kupokea pasi ya mbele. Kazi yao ni kuukinga mwili wa kotabeki, yule anayeongoza shambulio na kurusha mpira. Upande wa ulinzi huweka watatu au wanne. Wawili wa pembeni kati yao, yaani wavamizi, hutakiwa kumpita mkingaji aliye mbele yao, kwa nguvu au kwa kumzunguka, na kumwangusha kotabeki kabla mpira haujamtoka mkononi. Wana kama sekunde tatu. Mara nyingi hawafiki.

Uwanja wenyewe una urefu wa yadi 100, yaani mita 91, pamoja na eneo la kufungia la yadi 10 kila upande. Upana ni mita 49 tu. Aliyezoea kuwatazama AS Maniema Union wakicheza mpira wa miguu mjini Kindu, Kongo, angeuona mwembamba mno, na angeelewa haraka kwa nini watu wanagongana: pembeni hakuna pa kukimbilia.

Mchezo huu haukuanza hivyo. Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza, kati ya vyuo vya Rutgers na Princeton tarehe 6 Novemba 1869, ilikuwa na watu 25 kila upande, na ilifanana zaidi na mpira wa miguu. Baadaye vyuo vilichukua kanuni za raga. Mwaka 1880 Walter Camp, kijana wa chuo cha Yale, aliwashawishi wenzake wapunguze wachezaji hadi 11 na waache lile rundo la raga ambalo kila mtu humo huugombania mpira. Badala yake upande mmoja ungeushika mpira kwa amani mpaka uanzishwe, na mwingine ungesubiri ng'ambo ya mstari. Miaka miwili baadaye ikawekwa sharti la kusonga yadi 5 katika majaribio matatu, la sivyo mpira unakwenda kwa wapinzani. Kutokana na kanuni hizo mbili ndipo ikazaliwa kazi ya mtu wa mstari, kwa kuwa sasa palikuwa na ardhi ya kulinda, hatua kwa hatua.

Hata fedha ziliingia kwa mlango huohuo. Mchezaji wa kwanza anayejulikana kulipwa alikuwa mtu wa mstari: William Heffelfinger, mkingaji aliyepata sifa Yale. Tarehe 12 Novemba 1892 klabu ya Allegheny ya Pittsburgh ilimpa dola 500 kwa mechi moja dhidi ya mahasimu wao wa mji huohuo. Siku hiyo Heffelfinger aliokota mpira uliowaponyoka wapinzani, akakimbia nao hadi mwisho wa uwanja, na Allegheny wakashinda 4–0. Wakati ule mchezo ulidai kuwa wa waungwana wasiolipwa, lakini malipo yake yaliandikwa katika hesabu za klabu na karatasi ikabaki kuwa ushahidi.

Msongamano wa mstarini uliua. Mwaka 1905 vijana kadhaa walikufa uwanjani, na Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu viongozi wa Harvard, Yale na Princeton. Msimu wa 1906 ukaja na pasi ya mbele, na umbali wa kusonga ukaongezwa hadi yadi 10. Tangu hapo mkingaji akawa na mtu wa kumlinda nyuma yake, na mvamizi akawa na mtu wa kumwinda. Ligi ya kulipwa, ambayo leo huitwa NFL, iliundwa mwaka 1920 mjini Canton, Ohio. Kuanzia 1934 hadi 1945 haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja, ingawa hapakuwa na kanuni iliyoandikwa ya kuwakataza.

Mvamizi wa pembeni alipata heshima yake kamili kwa Deacon Jones wa Los Angeles Rams katika miaka ya 1960. Silaha yake ilikuwa kofi zito la kichwani, lililomfumba mkingaji macho kwa nukta moja huku Jones akipita. Ligi ililipiga marufuku kofi hilo mwaka 1977, na mwaka uliofuata wakingaji wakaruhusiwa kunyoosha mikono na kufungua viganja. Mizani iliinamishwa upande wa washambuliaji kwa makusudi, kwa sababu watazamaji walitaka pasi ndefu. Kumwangusha kotabeki kulianza kuhesabiwa rasmi mwaka 1982. Wawili wakimwangusha pamoja kila mmoja hupewa nusu, na ndiyo maana takwimu za watu hawa huwa na nusu ndani yake.

Miongoni mwa waliokuja kuishi kwa hesabu hiyo yumo mtu mwenye asili ya Uganda. Mathias Kiwanuka alizaliwa Indianapolis, jimbo la Indiana, tarehe 8 Machi 1983. Babu yake, Benedicto Kiwanuka, alikuwa wakili na kiongozi wa chama cha DP, na mwezi Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, miezi michache kabla ya uhuru. Uchaguzi wa Aprili ulimwondoa na kumweka Milton Obote. Serikali ya Obote ilimfunga mwaka 1969. Idi Amin alimfungua baada ya kupindua serikali mwaka 1971 na kumteua Jaji Mkuu. Tarehe 21 Septemba 1972, siku chache baada ya Jaji Mkuu huyo kuamuru Mwingereza aliyezuiliwa bila sheria aachiliwe, watu wa Amin walimkamata katika Mahakama Kuu mjini Kampala wakaondoka naye, na hakurudi tena. Magazeti ya Marekani yalipenda kuanzia kwa babu huyu kila yalipomwandika mjukuu. Habari ni nzito na haikwepeki, ila haielezi lolote kuhusu namna ya kumpita mkingaji wa kilo 140. Hayo kijana alijifunza Indianapolis, katika shule ya Kikatoliki ya Cathedral, kisha Boston College.

Chuoni aliwaangusha makotabeki mara 37 na nusu, rekodi ya chuo hicho. Mwili wake ulikuwa wa aina inayotafutwa kwa nafasi ya pembeni: urefu wa karibu mita 1.96 na uzito wa kilo 120 hivi, mikono mirefu, miguu isiyochelewa. Mrefu wa namna hiyo hufika kwanza kwenye kifua cha mkingaji na kumsukuma kabla yeye hajashikwa, na kwa watu wa mstari ushindi mwingi hupatikana hapo, kwa tofauti ya sentimita chache za mkono. Katika uteuzi wa Aprili 2006, siku timu za NFL zinapogawana vijana wa vyuo kwa zamu, New York Giants walimchukua akiwa wa 32, wa mwisho katika duru ya kwanza.

Uteuzi huo uliwashangaza wengi. Giants walikuwa tayari na Michael Strahan, aliyeshikilia rekodi ya kuwaangusha makotabeki mara 22 na nusu katika msimu wa 2001, na Osi Umenyiora, mzaliwa wa London wa wazazi wa Nigeria. Pia walikuwa na Justin Tuck. Lakini mvamizi huchoka haraka kuliko mkingaji, kwa kuwa yeye ndiye anayekimbia, na timu yenye wavamizi wanne wa kupokezana huwa na nguvu katika robo ya mwisho wakati wapinzani wameishiwa pumzi. Giants walijenga timu yao juu ya hesabu hiyo. Wengine waliiga baadaye.

Msimu huohuo wa 2006 wakubwa wake waliumia, na Kiwanuka akaanza mechi nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Tarehe 26 Novemba, ugenini kwa Tennessee Titans, Giants waliongoza 21–0 hadi robo ya nne. Titans wakaanza kurudi. Katika jaribio lao la mwisho kabla ya kupoteza mpira, wakihitaji yadi 10, Kiwanuka alimfikia kotabeki Vince Young na kumkumbatia kwa mikono miwili. Ilibaki kumlaza chini tu na mechi ingekuwa imekwisha. Akamwachia. Alidhani mpira umeshatoka mkononi, na kumwangusha kotabeki aliyekwisha kurusha ni kosa linaloadhibiwa kwa yadi 15. Mpira ulikuwa bado mkononi. Young alikimbia yadi 19, Titans wakasawazisha, na teke la yadi 49 mwishoni likawapa ushindi wa 24–21. Picha hiyo ilirudiwa kwenye televisheni kwa miaka, na wengi walimcheka kijana. Kwa haki zaidi ingeoneshwa kama mfano wa jinsi kanuni za kumlinda kotabeki zilivyomlazimisha mvamizi aamue, akiwa katika mbio kamili, jambo ambalo mwamuzi mwenyewe huhitaji kulitazama mara mbili.

Mwaka 2007 Giants walimsogeza nyuma ya mstari. Hiyo ni kazi nyingine: mchezaji husimama wima badala ya kuinama, husoma shambulio, na mara nyingine hurudi kuzuia pasi. Aliizoea upesi. Tarehe 30 Septemba timu yake ilimwangusha Donovan McNabb wa Philadelphia mara 12, sawa na rekodi ya ligi. Umenyiora alichukua sita, Kiwanuka tatu. Katikati ya Novemba mguu wake wa kushoto ulivunjika dhidi ya Detroit, na Februari 2008 alikuwa mtazamaji Giants walipowafunga New England Patriots 17–14 katika Super Bowl, fainali ya ligi; wapinzani hao hawakuwa wamepoteza mechi hata moja msimu ule.

Strahan alistaafu. Umenyiora akaumia goti kabla ya msimu wa 2008, basi Kiwanuka akarudishwa mstarini na kumaliza na mara 8. Mwaka 2010 alianza kwa kasi, mara 4 katika mechi tatu, kisha madaktari wakagundua diski ya shingo imetoka mahali pake. Msimu ukaishia hapo. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kugongana kichwa mbele, shingo ndiyo jeraha la kuogopwa kuliko mengine, na si ajabu wengi walidhani amekwisha. Alirudi mwaka 2011, tena nyuma ya mstari, kwa kuwa Giants walikuwa wamemteua Jason Pierre-Paul kwa nafasi ya pembeni. Tarehe 5 Februari 2012 Giants waliwafunga Patriots mara ya pili, 21–17, na fainali hiyo ilichezwa Indianapolis, mji aliozaliwa. Aliendelea hadi 2014, na Machi 2015 Giants walimwacha. Hesabu yake yote ya kulipwa ni mara 38 na nusu, kwa klabu moja.

Takwimu hiyo ni ya wastani, na inampunja. Misimu miwili ilikatwa na majeraha, na misimu kadhaa aliitumia katika nafasi isiyo yake kwa kuwa timu ilihitaji. Mchezaji anayekubali kuhamishwa hivyo huwa na thamani kubwa kwa kocha na ndogo kwa wahesabu.

Gharama ya kazi hii ilikuja kujulikana polepole, na Mwafrika mmoja alihusika. Mike Webster, mkingaji wa katikati wa Pittsburgh Steelers aliyeshinda Super Bowl nne, alikufa mwaka 2002 akiwa na miaka 50, akili imevurugika na bila makao ya kudumu. Bennet Omalu, daktari kutoka Nigeria aliyekuwa akifanya kazi Pittsburgh, aliupima ubongo wake na kuukuta umeharibiwa na migongano ya miaka mingi. Alichapisha matokeo hayo mwaka 2005, na madaktari wa ligi walitaka makala yake ifutwe. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walieleza kwamba walikuta uharibifu huo katika bongo 110 kati ya 111 za wachezaji wa zamani wa NFL zilizotolewa kwa uchunguzi. Bongo hizo zilitoka hasa kwa familia zilizokwisha kushuku jambo, hivyo haziwakilishi wachezaji wote. Hata hivyo zilitosha kunyamazisha ubishi wa zamani. Watu wa mstari wamo katika hatari ya pekee: hawapigwi kishindo kimoja kikubwa, bali hugongana kidogo karibu kila jaribio.

Wengine wa Afrika ya kati na mashariki wamepita katika ligi hiyo kwa njia nyingine. Tim Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Kanada, aliteuliwa wa nane mwaka 1996 na Carolina Panthers akiwa mkimbiaji. Daniel Adongo wa Kenya alitoka kwenye raga na kusajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza mchezo huo. Familia nyingi za mashariki mwa Kongo zinazosema Kiswahili zimepokelewa Marekani kama wakimbizi, na watoto wao wanaukuta mchezo huu shuleni. Umenyiora naye, baada ya kustaafu, aliongoza mpango wa NFL barani Afrika, ulioanza Accra mwaka 2022 na kufika Nairobi mwaka uliofuata. Pamoja na kusaka vijana wenye maumbo makubwa, mpango huo hueneza mchezo wa vitambaa, utakaochezwa pia katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Humo wako watano kila upande, na badala ya kumwangusha mwenye mpira mtu humchomoa kitambaa kiunoni. Kukinga kwa mwili hakuruhusiwi, na anayemkimbilia kotabeki huanzia yadi 7 nyuma, hivyo kazi ya mtu wa mstari haimo.