Nakshi za Vitara vya Wapanda Farasi wa Ulaya

Mtu aingiapo katika jumba la makumbusho la Ulaya aghalabu huvutwa kwanza na dhahabu iliyo juu ya panga za kale. Lakini umbo la panga hizo lina asili ya mbali zaidi kuliko nakshi zake. Kitara, yaani upanga uliopinda, majeshi ya Ulaya Magharibi yalijifunza kutoka kwa wapanda farasi wa Hungaria, ambao nao walikuwa wamepigana na Waturuki kwa vizazi vingi na kuiga mengi kwao.

Tukitazame kitara kimoja, kile cha wapanda farasi wepesi wa Uingereza cha mwaka 1796. Ofisa John Gaspard Le Marchant, aliyekuwa vitani Flanders, aliona kuwa panga za Waingereza zilikuwa nzito na hazikukaa vema mkononi. Alishirikiana na mfua panga wa Birmingham, Henry Osborn, kubuni nyingine. Bapa lake, lenye urefu wa sentimeta 83 hivi, lilitanuka karibu na ncha ili pigo lipate uzito. Mkono ulikingwa kwa ukanda mmoja tu wa chuma, wenye umbo la kikuku cha kupandia farasi. Waprusia walikiiga mwaka 1811.

Kitara cha askari wa kawaida hakikuwa na pambo. Ofisa alijinunulia chake, basi kilipambwa kwa kadiri ya mfuko wake: sehemu ya bapa iliyo upande wa mpini ilikuwa ya samawati na dhahabu, yenye taji, majani, bendera na herufi GR za Mfalme George. Samawati hiyo haikupakwa. Chuma cha pua kikipashwa moto hugeuka manjano, kisha zambarau, na kikikaribia nyuzi 300 huwa samawati. Fundi asipokiondoa wakati huo huo, rangi hupotea.

Dhahabu nayo ilichanganywa na zebaki, ikapakwa, kisha zebaki ikafukuzwa kwa moto. Mvuke wake ni sumu. Mafundi walioishi kwa kazi hiyo walipatwa na ugonjwa wa kutetemeka, hata mikono iliyozoea kuchora taji la mfalme isiweze kushika kalamu.

Nakshi hizo hufutika kwa kunolewa na kusuguliwa. Kwa hiyo kitara ambacho samawati yake ingali kamili, ndicho kinachosifiwa zaidi na watazamaji, yaelekea kilichomolewa alani mara chache. Vile vilivyofanya kazi vimebaki kijivu.