Simu ya Linux: Jinsi programu zake zinavyoundwa na hitilafu kusakwa

MNAMO Julai 2008, wanunuzi wa kwanza wa simu ya Neo FreeRunner walikumbana na jambo la kutatanisha. Kifaa cha GPS kilichomo ndani ya simu hiyo, ambacho hupokea mawimbi ya setilaiti na kumwonyesha mtu mahali alipo, kilichukua dakika nyingi kuyanasa mawimbi hayo. Mara nyingine hakikuyanasa kabisa. Lakini kadi ya kumbukumbu ilipochomolewa, kifaa kilifanya kazi bila tatizo.

Mwenye simu ya kawaida angeirudisha dukani na kungoja. FreeRunner haikuwa simu ya kawaida. Msimbo wa programu zake ulikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuusoma na kuubadilisha, na hivyo chanzo cha hitilafu hiyo kilisakwa hadharani, watengenezaji na wanunuzi wakishirikiana.

Asili ya simu hiyo

FreeRunner ilitokana na mradi wa Openmoko, uliotangazwa Novemba 2006 na kampuni ya FIC ya Taiwan. Simu ya kwanza ya mradi huo, Neo 1973, iliuzwa kwa wanaprogramu kuanzia Julai 2007. Jina lake liliukumbuka mwaka ambao Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alipiga simu ya kwanza kwa kifaa cha mkononi.

Mwaka mmoja baadaye ikaja FreeRunner, kwa bei ya dola 399 za Marekani. Ilikuwa na kioo cha inchi 2.8, prosesa ya kasi ya megahezi 400, kumbukumbu ya megabaiti 128 na hifadhi ya megabaiti 256. Isitoshe, michoro ya umbo la simu hiyo ilitolewa kwa umma ili atakaye aichonge upya.

Ifahamike kwamba simu za Android pia hutumia kerneli ya Linux, yaani programu ya msingi inayounganisha vifaa vya simu na programu nyinginezo. Tofauti ni kwamba simu nyingi za aina hiyo huuzwa zikiwa zimefungwa, na mwenyewe haruhusiwi kugusa yaliyo chini ya kioo. Simu huria ya Linux humwachia mnunuzi mamlaka yote, kama yule anayemiliki kompyuta ya mezani.

Zana za mwanaprogramu

Programu za simu kwa kawaida haziundwi ndani ya simu yenyewe, kwa kuwa prosesa yake ni dhaifu na hifadhi yake ni finyu. Mwanaprogramu huandika msimbo kwenye kompyuta, kisha akautafsiri hadi lugha ya mashine inayoeleweka na prosesa ya simu. Prosesa ya FreeRunner ilikuwa ya aina ya ARM, ilhali kompyuta nyingi za wakati huo zilitumia aina nyingine. Aliyesahau kuelekeza tafsiri hiyo kwa ARM alipata programu ambayo simu haikuweza kuiendesha.

Baada ya hapo, simu huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. FreeRunner ilijitambulisha kama mtandao mdogo, na anwani yake ya kawaida ilikuwa 192.168.0.202. Kupitia anwani hiyo, mwanaprogramu aliingia ndani ya simu, akanakili programu yake, akaiendesha na kutazama matokeo kwenye skrini ya kompyuta.

Hofu kubwa ya anayejaribu kerneli mpya ni kuiua simu kabisa. Waundaji wa FreeRunner waliliona hilo mapema. Programu ya kuiwashia simu iliwekwa mahali pawili, na nakala moja ikakaa katika hifadhi isiyofutika kwa urahisi. Simu ilipokataa kuwaka, mwenyewe alishikilia kitufe cha pembeni huku akibonyeza cha kuwashia, na nakala hiyo ya akiba ikaamka. Kisha alipakia mfumo mpya kutoka kwenye kompyuta kwa programu iitwayo dfu-util.

Kutenganisha matabaka

Hitilafu ya simu inaweza kukaa katika tabaka lolote. Juu kabisa kuna programu anayoiona mtumiaji, kama vile ya kupigia simu. Chini yake kuna huduma zinazofanya kazi kimyakimya, kisha kerneli, na mwisho vifaa vyenyewe na nyaya zake. Kosa la chini hujitokeza juu likiwa limevaa sura nyingine, na ndiyo maana mchunguzi hupaswa kulitenga kila tabaka na jingine.

Hatua ya kwanza ni kusoma kumbukumbu za matukio. Amri ya dmesg huonyesha ujumbe wa kerneli, na mara nyingi hapo ndipo panapoonekana kifaa kilichokataa kuamka. Hatua ya pili ni kuipita programu ya juu na kuzungumza na kifaa moja kwa moja.

Tuseme simu haipati mtandao. Mchunguzi huiuliza modemu, ambayo ndiyo sehemu inayowasiliana na minara, kwa amri ya AT+CREG?. Jibu huwa na tarakimu mbili, na ya pili ndiyo yenye habari. Ikiwa ni 1, simu imesajiliwa katika mtandao wake. Ikiwa ni 2, bado inatafuta mtandao. Ikiwa ni 3, imekataliwa, na ikiwa ni 5, imesajiliwa katika mtandao wa ugenini. Modemu ikijibu 1 huku kioo kikidai hakuna mtandao, kosa limo katika programu wala si katika modemu.

Hatua ya tatu ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Anayebadilisha kerneli, programu na kadi ya simu kwa mpigo hatajua ni kipi kilicholeta nafuu. Mwisho, hitilafu huripotiwa pamoja na toleo la mfumo, hatua zilizofuatwa na matokeo, ili mwingine aweze kuirudia. Hitilafu isiyoweza kurudiwa ni vigumu kuithibitisha, na ni vigumu zaidi kujua kama kweli imetibiwa.

GPS ilivyotibiwa

Utaratibu huo ndio uliofichua siri ya GPS. Kwa kuwa tatizo lilitoweka kadi ilipotolewa, programu ya ramani haikuwa na hatia. Ilibainika kwamba mapigo ya umeme yanayoiongoza kadi ya kumbukumbu yalitoa kelele iliyofunika mawimbi ya setilaiti, ambayo hufika duniani yakiwa dhaifu mno.

Tiba zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kubandika kapasita ndogo kwenye saketi ili kupunguza kelele hiyo. Ya pili ilikuwa kurekebisha kerneli ili isimamishe mapigo hayo wakati kadi haitumiki. Tiba hii ya pili haikuhitaji kufungua simu wala kumlipa fundi. Kosa la vifaa lilitulizwa kwa msimbo, na aliyepakia kerneli mpya akapona tatizo hilo.

Modemu, chumba kilichofungwa

Mambo hayakuwa rahisi hivyo kwa hitilafu nyingine iliyojulikana kwa nambari 1024. Modemu ilipoingia katika usingizi mzito ili kuokoa betri, baadhi ya simu zilipoteza mtandao na kuupata tena, mara kwa mara. Mwenye simu aliiona ikiwa hai mezani, kumbe aliyempigia hakuweza kumpata.

Programu ya ndani ya modemu hiyo, iliyotengenezwa na kampuni ya Texas Instruments, haikuwa huria. Mwanaprogramu wa kujitolea aliweza kusoma kerneli yote lakini hakuweza kuingia humo. Alichoweza ni kuiamuru modemu isilale usingizi mzito, na betri ikaisha upesi. Waliotaka tiba kamili walilazimika kumpelekea fundi simu ili abadilishe kapasita moja kwa nyingine yenye uwezo mkubwa zaidi.

Hitilafu hizi mbili zinaonyesha ukomo wa uhuru wa simu hizo. Msimbo ulipokuwa wazi, kosa la vifaa lilipata tiba iliyomfikia kila mtu bila malipo. Ulipofungwa, mwenye simu alibaki kuchagua kati ya betri inayokwisha haraka na mtandao unaopotea.

Kadhalika, wengi walilalamikia mvumo uliosikika upande wa pili wa mazungumzo, na simu iliyoamka ikiwa na kioo cheupe kisichoonyesha chochote. Kwa simu iliyonunuliwa kwa mamia ya dola, hayo hayakuwa mambo madogo.

Yaliyofuata

Mnamo Aprili 2009, kampuni ya Openmoko ilitangaza kwamba imesimamisha uundaji wa simu iliyokusudiwa kuirithi FreeRunner na kupunguza wafanyakazi. Hata hivyo, kwa kuwa msimbo ulikuwa mikononi mwa umma, mifumo kama SHR na QtMoko iliendelea kuboreshwa na watu wa kujitolea. Baadaye kampuni moja ya Ujerumani iliunda bodi mpya, GTA04, iliyotoshea ndani ya ganda lilelile la zamani.

Mbegu hiyo haikufa. Mradi wa postmarketOS ulianza mwaka wa 2017 kwa nia ya kuzipa simu kuukuu uhai mrefu zaidi kwa Linux. Januari 2020, simu za kwanza za PinePhone ziliwafikia wanaprogramu kwa takriban dola 150. PinePhone huweza kuwaka kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu, hivyo mtu hujaribu mfumo mpya bila kuugusa ule wa ndani. Ina pia swichi ndogo chini ya kifuniko cha nyuma, ambazo huzima modemu, kamera au kipaza sauti.

Kwa watumiaji wa Kenya, kuna jaribio moja la ziada. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Machi 2007, ilitegemea menyu iliyohifadhiwa ndani ya kadi ya simu. Simu isiyo na programu ya kuisoma menyu ya aina hiyo haiwezi kuionyesha, hata kama inapiga na kupokea simu barabara. Anayeunda mfumo wa simu huria kwa soko kama hili hana budi kulipima jambo hilo mapema, sambamba na sauti, ujumbe mfupi na usingizi wa modemu, kabla ya kumkabidhi mtu simu anayoitegemea kwa riziki yake.