Shimo la Dandora: Uamuzi wa 1975 Ambao Bado Tunaupumua

Wasee, hebu tuanze na sanduku la pizza. Umekula Westlands, umetupa, umesahau. Likibahatika kuokotwa, lori litalivusha mji mzima, lipite katikati ya Nairobi, liingie Eastlands, limwagwe Dandora. Ushawahi kujiuliza nani aliamua iwe hivyo? Mimi kwa miaka mingi sikujiuliza. Nilidhani jaa liko pale tu, vile Ngong Hills ziko pale. Lakini mlima haukupitishwa na kamati. Jaa lilipitishwa na watu waliokaa mezani.

Turudi nyuma kidogo. Wakati wa mkoloni, Nairobi ilikatwa kama keki. Wazungu walichukua magharibi kwenye baridi na miti. Wahindi wengi wakawa Ngara na Parklands. Mwafrika akapelekwa mashariki: Pumwani, Kaloleni, Makongeni. Na hata huko alihitaji kipande mfukoni ili asishikwe. Kwa hivyo kufikia Uhuru 1963, ramani ilikuwa tayari imefunza watu wa mipango jambo moja: kitu usichotaka karibu na wenye pesa, sukuma mashariki.

Baada ya Uhuru watu wakaanza kuingia mjini kwa wingi, na nyumba hakuna. Vibanda vikaota. Jibu la kanjo, mara nyingi, lilikuwa kubomoa. Unabomoa leo, kesho vinaota mahali pengine. Ndipo mwaka wa 1975, Margaret Kenyatta akiwa meya, mwanamke wa kwanza Mwafrika kukalia kiti hicho Nairobi, serikali ikatiwa pesa na Benki ya Dunia kwa mradi mkubwa Dandora. Ploti 6,000. Mpango ulikuwa rahisi: unapewa kipande cha ardhi chenye maji, mtaro wa maji taka, choo na bafu, na barabara ya kufika. Vyumba unajijengea mwenyewe polepole, kadiri mfuko unavyoruhusu. Tunacheka kanjo sana, lakini lile lilikuwa wazo zuri. Ndio maana leo kuna Phase 1 hadi Phase 5.

Sasa shika hapa. Miaka hiyo hiyo, kando ya mtaa huo huo, jaa la taka la jiji nalo likafunguliwa, kwenye machimbo ya zamani ya mawe. Kwa karatasi, hesabu inaingiana: shimo liko tayari, hulipi kuchimba, na mwenye sauti kubwa haishi karibu. Ona maajabu lakini. Mkono mmoja wa jiji unamwambia mtu masikini, "Njoo ujenge maisha yako hapa." Mkono wa pili unamwaga taka ya mji mzima mlangoni pake.

Mwaka wa 2001 jaa likatangazwa kuwa limejaa. Limejaa, kwisha. Wengi wanaosoma hii walikuwa bado hawajazaliwa, au walikuwa na nepi. Na malori bado yanaingia hadi leo.

Mwaka wa 2007, UNEP, ambayo makao yake yako hapa hapa Gigiri, ilitoa utafiti. Watoto 328 wa eneo hilo walipimwa. Karibu nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango kilichofika au kupita kile kilichohesabiwa kuwa hatari wakati huo. Risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua, na ukishaharibika haurudi ulivyokuwa. Watoto wale sasa ni watu wazima. Ni wasee wa rika letu.

Je, hakuna aliyejaribu kuhamisha? Walijaribu. Ruai ikatajwa. Watu wa viwanja vya ndege wakakataa: taka huvuta ndege wa manyoya, na ndege wa manyoya ni hatari kwa ndege za abiria zinazotua JKIA. Sababu ya maana kabisa, sipingi. Lakini ona vile abiria wa angani walipata mtu wa kuwasemea kabla hata lori moja kufika Ruai. Mtoto wa Korogocho alisemewa na kipimo cha damu, miaka 30 baadaye.

Wakati huo, ofisi inabadilisha majina tu. Baraza la Jiji likavunjwa 1983, ikaja Tume ya Jiji hadi 1992, baraza likarudi, 2013 ikawa kaunti, 2020 ikaingia NMS, 2022 kazi zikarudi kwa kaunti. Kila anayeingia anasema amelikuta. Na ni kweli, amelikuta. Anaondoka na kuliacha pia.

Tusijidanganye kwamba ni kufunga tu na kwenda. Kuna maelfu ya watu wanaookota plastiki na chuma pale ili watoto wao wale. Ukilifunga bila kuwapangia, umefanya kama wale wa 1975: umeamua kuhusu watu bila kuwauliza.

Na vijana wa Dandora hawajakaa tu. Wamefagia korti zao, wakapaka rangi, wakapanda maua. Lakini taka waliyofagia inaenda wapi? Nyuma ya nyumba yao. Huwezi kufagia uamuzi wa jiji kwa ufagio.

Uamuzi unabadilishwa pale ulipofanyiwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 196 kinalazimisha bunge la kaunti kushirikisha wananchi. Kila baada ya miaka 5 kaunti huandika mpango wa maendeleo, na kila mwaka kuna bajeti. Vikao hivyo huitishwa kwenye kumbi za mtaa, siku ya kazi, asubuhi, na mara nyingi wanaojaa ni wazee na wale waliobebwa na MCA. Sisi tuko kwa simu tunapiga kelele kuhusu harufu.

Kikao kijacho kikitangazwa kwa wadi yako, enda. Uliza swali moja tu: taka yetu inamwagwa wapi, na nani anaishi hapo?